Ile picha ya gari linalong'aa

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: kitandani, halafu ndani ya gari hilohilo unalolizungumzia, halafu jikoni nikisonga bukari. Unasema Kamalondo nzima, huko kwetu Lubumbashi, imeiona picha yangu na gari. Unasema shangazi amenitaja mimi, yaya, mkubwa wenu, mbele ya watu, "Yaya anaosha gari kule Bulaya, lakini minervali, ada ya chuo, ya mtoto wa dada yake pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, inamshinda." Kisha ukacheka. Shangazi nimemzoea. Kicheko chako ndicho kilichonikaa kooni.

Basi sikia habari ya hiyo picha.

Gari lenyewe ni la dizeli, la mwaka 2014, nililinunua likiwa limeshakula kilomita 190,000. Silipendi. Nililinunua kwa sababu kazi yangu ya kusafisha ofisi inaanza saa kumi na moja alfajiri, na saa hiyo mtaani kwetu hapa Charleroi, Ubelgiji, hakuna basi linalopita. Gari la umri huo linapelekwa kontrole tekiniki, ukaguzi wa gari, kila mwaka. Usifikirie kontrole ya rulaji, polisi wa barabarani, pale kwenye mzunguko. Hapa unaingia kwenye hangari kwa foleni, mtu mwenye ovaroli anapima breki na taa, anaangalia matairi, anashuka chini kutafuta kutu, anadai umwonyeshe pembetatu, fulana ya kung'aa, sanduku la dawa na kizimamoto. Ukimwambia "chef, tuelewane" hataelewa hata unataka nini. Mwaka juzi walinirudisha kwa sababu kizimamoto kilikuwa kimepitwa na tarehe. Kizimamoto! Kitu ambacho sijawahi kukigusa.

Ijumaa ile nilifika na kila kitu, kizimamoto kipya, hata mazulia ya ndani niliyapiga vumbi kama ninakwenda kuposa. Kijana akaingiza mrija kwenye bomba la moshi. Tangu Julai 2022 magari ya dizeli yenye chujio la moshi wanayahesabia chembe za masizi. Injini inanguruma tu pole pole, mashine inahesabu. Mwisho wa ruhusa ni chembe milioni moja kwa kila sentimita ya ujazo. Langu lilitoa zaidi ya milioni mbili. Hakunitazama hata usoni. Alichapa kadi nyekundu, akanipa siku 15 nitengeneze na kurudi.

Nilikwenda kukaa ndani ya gari pale nje nikaanza kucheka peke yangu. Mdogo wangu, sisi si watoto wa Mumbunda, watoto wa bomba la moshi? Hatukukua tukiangalia lile bomba la Gécamines, kampuni ya shaba, kila asubuhi kama wengine wanavyoangalia saa? Likitoa moshi, baba ana kazi, posho ya unga inaingia. Likikaa bila moshi, mama anapunguza maneno na chungu kinapungua. Kwetu moshi ulikuwa chakula. Hapa nimekuja kuhesabiwa moshi wangu chembe kwa chembe, na kila chembe ina bei.

Fundi ninayemwendea, mhamiaji kama mimi, alinieleza vizuri. Chujio linanasa masizi, halafu linajisafisha lenyewe kwa kuyachoma, kwenye joto la digrii kama 600. Joto hilo linapatikana gari likikimbia barabara kuu kwa muda. Mimi kutoka nyumbani hadi kazini ni dakika kumi na mbili, tena kwenye baridi ambayo pumzi yako unaiona. Injini haijapata moto nimeshafika. Kwa hiyo masizi yanalala pale, siku juu ya siku. Chujio jipya, zaidi ya euro elfu moja. Kulitoa na kulioshesha kwa mashine, 380. Halafu akashusha sauti: kuna wanaolitoboa ndani, gari linavuta kama farasi. Ni kosa la sheria, na ile mashine ya kuhesabu ingenianika vibaya zaidi. Sitakudanganya kwamba sikufikiria. Nilifikiria usiku mzima.

Jumamosi ndiyo siku ya picha. Nilitoa ndoo na sabuni mbele ya nyumba, kama tunavyofanya huko, na mzee wa jirani akafungua dirisha kunikumbusha kwamba kanuni za komine yetu, yaani manispaa, zinakataza kuosha gari barabarani. Alisema kwa adabu, ambayo ni mbaya zaidi. Nikaenda kwenye lavaje ya sarafu, unatumbukiza euro, maji yanatoka, dakika zinakimbia, unapiga mbio kuzunguka gari kama kichaa. Nilimwagia hasa chini, kwa sababu wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili watu wasiteleze, na chumvi hiyo inakula chuma. Nilipomaliza jua lilitoka kidogo. Gari liling'aa. Nikasimama mbele yake na lile koti, nikampa mtu simu anipige.

Kadi nyekundu ilikuwa mfukoni mwa koti hilo. Na ni mimi niliyeituma picha, hakuna aliyeniomba. Nilitaka mama awaonyeshe majirani. Hapo sina cha kujitetea.

Jumapili uliniona nimeandika "niko njiani kwenda Mons", ukanijibu "Jumapili ya bosi". Bosi! Nilikuwa nimetumwa na fundi kuchoma masizi. Gia ya chini, injini juu, barabara kuu ya E42 hadi mji wa Mons, nikageuza, nikarudi. Sikushuka hata kunywa kahawa. Nilichoma mazutu, yaani dizeli, ya kutosha siku tatu za kazi ili gari lipunguze moshi, na njiani nikawa naangalia vile vilima vyao vya takataka za makaa ya mawe vilivyoota miti, nikiwaza kile kilima chetu cheusi cha Gécamines kilicho kitupu mpaka leo. Haikufua dafu. Jumatatu nilimpa fundi 380. Nilirudi kontrole, hesabu ikashuka mbali chini ya milioni, nikapewa kadi ya kijani ya mwaka mmoja.

Minervali iliingia ndani ya zile 380. Nilikuwa nimetenga 300 ndani ya bahasha yenye jina la mtoto. Mliambiwa "benki ina shida". Benki haikuwa na shida yoyote.

Sasa, umeuliza kama uuze kile kiwanja cha Kasapa uje. Usiuze. Ardhi usiiuze kwa sababu ya picha. Lakini kama utakuja kwa njia ya masomo, yenye karatasi, njoo, nitakupokea, utalala sebuleni na hutalipa kitu. Usije kununua gari. Ingawa bila gari hutapata kazi ya alfajiri, na ya alfajiri ndiyo utakayoanza nayo, utake usitake. Basi nunua, lakini la petroli, kama safari zako zitakuwa fupi kama zangu. Nimepewa nafasi Bruxelles, mshahara bora kidogo, nimeiogopa: komine zote 19 zina kamera, dizeli za Euro 4, daraja la moshi la magari ya zamani, zimefungiwa nje tangu 2022, faini ilikuwa euro 350, na Euro 5 kama langu wanasiasa wamelivuta mbele na kulirudisha nyuma mpaka nimechoka kusoma. Rafiki yangu wa Kolwezi la kwake la Euro 4 alilipeleka mtaa wa Heyvaert, Anderlecht, kwa wafanyabiashara wanaopeleka magari ya zamani Afrika. Moshi uliokatazwa Bruxelles haukufa, ulipanda meli.

Na usiniombe pesa kwa kupitia shangazi. Niombe mwenyewe, hata kila mwezi, nikikosa nitakuambia nimekosa. Au usiniombe mpaka Januari. Sijui. Omba tu.

Unajua ninamfikiria nani siku hizi? Baba, na ile pesa ya kuondoka kwa hiari Gécamines, mwaka 2003. Wote waliamini tumetajirika. Alinunua basi dogo la abiria, akaliosha mbele ya nyumba, akapigwa picha amesimama na mkono juu ya boneti. Unaikumbuka picha hiyo? Haikufika mwaka basi likaanza kutoa moshi mweusi, na watu waliendelea kuja kumkopa kwa sababu ya picha. Hakumwambia mtu yeyote kwamba injini imekufa. Alikuwa akitoka asubuhi kwa miguu kama mtu anayekwenda kuangalia biashara yake.

Jumatano natuma 150, za mtoto, zipeleke chuoni mwenyewe na unitumie picha ya risiti. Zinazobaki, mwisho wa mwezi. Kadi ya kijani nitaipiga picha nimtumie mama, hatajua ni kitu gani lakini atapenda rangi. Ile ya gari asiifute.

Na uniambie, lile bodi la basi la baba bado liko nyuma ya nyumba, au mmeshaliuza kwa kilo?