Nembo kushoto, maandishi katikati: acha spesi, chora jedwali

Kazi ninayoletewa sana hapa steshenari ni kichwa cha barua. Shule, kikundi cha kuweka na kukopa, kamati ya msikiti, parokia, wote wanataka kitu kimoja: nembo upande wa kushoto, na pembeni yake jina, sanduku la posta na namba ya simu, mistari mitatu minne iliyokaa katikati ya urefu wa nembo. Faili likija kwenye flashi nawasha kile kitufe cha Word chenye alama ¶, kinachoonyesha spesi na enta zilizofichika, na mara nyingi nakuta nukta za spesi zimejipanga kama siafu. Mtu amebonyeza spesi na enta mpaka vikalingana. Kwake vililingana kweli. Kwenye kompyuta isiyo na fonti aliyoitumia, jina la shule limekatika mistari miwili na namba ya simu imetupwa chini ya nembo.

Picha unayoingiza kwenye Word kwa kawaida hukaa ndani ya mstari kama herufi moja kubwa. Maandishi ya pembeni yake yanaanzia usawa wa chini wa picha, na ukibonyeza enta mstari wa pili unakwenda chini yake kabisa. Wengi hapo hukimbilia Wrap Text, wanachagua Square, kisha wanaivuta picha kwa mausi. Sasa picha inaelea na maandishi yanaizunguka, lakini hakuna kinachoyaamuru yakae katikati ya urefu wake. Tena picha inayoelea imefungwa nanga kwenye aya fulani. Futa aya hiyo, na picha inaondoka nayo.

Mimi natumia jedwali la mstari mmoja wenye seli mbili. Bofya mara mbili sehemu ya juu kabisa ya ukurasa ili uingie kwenye hedi, nenda Insert, kisha Table, chagua visanduku viwili. Kabla ya kuweka picha, fungua Table Properties, ingia Options, uondoe tiki inayoruhusu seli kujitanua zenyewe. Nembo zinazotumwa kwa WhatsApp mara nyingi huwa kubwa, na zikiachiwa zinasukuma jedwali zima. Kwa nembo ya sentimita 2.5, seli ya kushoto ikiwa na sentimita 3 inatosha. Picha iache ndani ya mstari, usiifanye ielee. Kisha chagua seli zote mbili, nenda kwenye Layout ya jedwali (ile inayotokea ukiwa ndani ya jedwali, siyo ya ukurasa), utaona vitufe tisa vya kupanga maandishi. Vya safu ya kati ndivyo unavyovitaka. Ukimaliza, ondoa mistari ya jedwali kwa No Border.

Huenda bado ukaona maandishi yamepanda juu kidogo, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kurudi kwenye enta. Tangu Word 2013, mpangilio wa kawaida unaongeza pointi 8 za nafasi baada ya kila aya, pamoja na ile ya mwisho. Word inaihesabu nafasi hiyo kama sehemu ya maandishi, kwa hiyo inaweka katikati maandishi pamoja na utupu wake. Chagua kila kitu ndani ya seli zote mbili, upande wa picha pia, uweke sifuri kabla na baada ya aya, na nafasi ya mistari iwe Single. Ukikuta picha inaonyesha kipande chembamba tu, mtu aliweka Exactly (urefu wa mstari usiobadilika) kwenye nafasi ya mistari. Badilisha hiyo hiyo iwe Single.

Kava ya ripoti ya field (mafunzo kwa vitendo) ni habari nyingine, kwa sababu pale ukurasa mzima ndio unaotakiwa kukaa katikati. Fungua Page Setup, weka Vertical alignment iwe Center, lakini kwanza tenga kava kwa Section Break (mpaka unaogawa hati katika sehemu), usije ukasukuma katikati kurasa nyingine zisizojaa. Nembo ya chuo ikae ndani ya mstari, kwenye aya yake. Ukiifanya ielee na kuipimia kutoka ukingo wa karatasi, maandishi yatashuka, nembo itabaki juu peke yake.

LibreOffice Writer na Google Docs nazo zina uwezo wa kuweka maandishi katikati ya seli, kwa hiyo jedwali hili utalichora huko pia.

Vyeti na barua zenye nembo mbili nazifanyia seli tatu, na seli za pembeni lazima ziwe na upana sawa, la sivyo jina litavutwa upande mmoja. Hata kama mteja ana nembo moja tu lakini anataka jina likae katikati ya karatasi, weka hiyo seli ya tatu na uiache tupu.