Kabla hujanunua manifoli ya ekzosi ya IST yako

Manifoli ya kiwandani ya Toyota IST yangu, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda za injini, ilipasuka. Fundi akaichomelea, ufa ukarudi palepale, ndipo nikaanza kuzunguka maduka ya Gerezani, Dar, kutafuta mbadala. Pale kila muuzaji atakutolea inayong'aa kuliko zote na kukuambia, "Hii bosi, gari litapaa." Wewe mwache aseme, ipindue uitazame flenji.

Flenji ni lile bamba nene linalokaa kwenye silinda hedi. Kama duka lina kaunta ya kioo, ilaze hapo kifudifudi, kisha mulika kwa tochi ya simu kutokea upande wa pili. Mwanga ukipenya kati ya tundu na tundu, ujue bamba limepinda wakati wa kuchomelewa, na hakuna gasketi itakayoziba hapo kwa muda mrefu. Zenye unene wa milimita 6 hivi hupinda kirahisi zikishapata moto. Mimi nilitafuta za 8 hadi 10. Nenda na gasketi ya injini yako, uioanishe na matundu. Halafu ingiza kidole kwenye kila bomba. Ukigusa mabonge ya welding yamejitokeza ndani, mrudishie mwenyewe.

Naikazania flenji kwa sababu ya sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi ili kompyuta ya injini ijue kiasi cha mafuta. Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo presha hushuka kiasi cha kufyonza hewa ya nje kupitia upenyo mdogo tu. Sensa ikikutana na hewa hiyo inadhani injini imepungukiwa mafuta, na kompyuta inatii: inaongeza. Watu wangapi wamelalamika kwamba hedasi, yaani hizi manifoli za mabomba za kununua, "zinakula mafuta", kumbe gasketi inapumua! Kwa hiyo tazama pia tundu la sensa lilipo. Linatakiwa liwe mahali ambapo mabomba yote 4 yameshaungana, lakini lisiwe mbali mno, maana huko sensa huchelewa kupata joto. Ifungue ya kwako uione kabla ya kwenda dukani, kwa sababu kuna Toyota ambazo sensa hushikwa kwa nati mbili, na nyingine hukazwa yenyewe kama plagi.

Sasa umbo. IST yenye namba ya modeli NCP61 ina injini ya 1NZ-FE, cc 1,497, na silinda zake huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Manifoli ya 4-2-1 huoanisha silinda ya 1 na ya 4, ya 2 na ya 3, halafu jozi hizo mbili zinaungana. Mapigo hayagongani, na mvuto unapatikana mapema, kwenye mizunguko ya kati ambayo ndiyo tunayoishi nayo kwenye foleni ya Ubungo. Ya 4-1, ambayo mabomba yote 4 huungana kwa mara moja, hunoga kwenye mizunguko ya juu kabisa, mahali ambapo IST ya kwenda kazini haifiki. Mabomba ya kipenyo cha milimita 38 hivi kwa nje yanatosha. Manene zaidi yanapunguza kasi ya moshi, na gari linakuwa zito kuondoka. Na tuambizane ukweli: faida ya nguvu ni ndogo. Utaisikia kwa masikio kuliko kwa mguu.

Mwenye Passo au Vitz ya 1KR-FE asipoteze muda na hesabu za 4-2-1, injini yake ina silinda 3. Mwenye IST ya NCP65, ile ya 4WD, aulize mara mbili: kwenye 1NZ manifoli iko nyuma ya injini, na huko chini kuna propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, inayotaka njia yake.

Kuhusu chuma, watu hupima stenlesi kwa sumaku. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu hata stenlesi ya daraja la 201, ambayo ni ya bei rahisi na hushika kutu haraka kuliko 304, nayo haivutwi. Kumbuka pia kwamba stenlesi ya 304 hutanuka sana: bomba la sentimita 60 likipanda joto kwa nyuzi 600 linarefuka kama milimita 6. Urefu huo lazima uende mahali, kwa hiyo iwepo fleksi, kile kipande cha bomba kinachonyumbulika, mbele yake, la sivyo kitapasuka kiungo. Chuma cha kawaida kinafaa pia, ila kwa hewa ya chumvi ya Dar usikizungushie ile kanda ya kuzuia joto. Inashika unyevu na kukila taratibu.

Masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi (catalytic converter), yaache. Ukiyatoa utapata harufu, taa ya injini, na kelele ambazo majirani hawakuziomba. Na ngao ya joto ya zamani, kama inaweza kurudi, irudishwe, kwani nyuma ya manifoli kuna waya na mipira ya steringi.

Siku ya kufunga, nunua gasketi na nati mpya. Fundi aanze kukaza katikati akielekea pembeni, kwa awamu. Baada ya siku chache, injini ikiwa imepoa kabisa, mrudie azipitie tena. Asubuhi washa gari ukiwa umefungua boneti: mlio wa tik-tik unaopotea gari likishapata moto maana yake flenji bado inavuja.