Vipimo "bure" vya bima Marekani: uliza kwanza kinaandikwaje

Mkuu, usiende Jumatatu! Umeuliza kama sheria ya kuzilazimisha bima zilipie vipimo ina faida au inapandisha tu michango tunayoilipa bima kila mwezi, halafu mwishoni ukachomekea kwamba una miaka 46, umeshapanga kupigwa kamera ya utumbo mpana "maana ni bure", na tumbo lenyewe linakusumbua. Hapo kwenye tumbo ndipo niliposhtuka.

Sheria ya Obama ya 2010 inazibana bima nyingi zilipie bila kukutoza vipimo vya kinga ambavyo jopo la wataalamu limevipa daraja A au B. Utumbo mpana umo, na tangu 2021 jopo linapendekeza kuanzia miaka 45. Lakini vya KINGA, yaani huna dalili! Mimi niliulizwa mapokezi nina shida gani, nikamwaga yote kama niko kwa mganga: tumbo, damu chooni, hadi ndoto. Wakaandika kipimo cha dalili. Bima ikagoma: maliza kwanza kile kiasi chako cha mwaka, unacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Bili zikaanza kuingia. Kituo kivyake, daktari kivyake, wa usingizi kivyake, maabara kivyake. Nilidhani wamepima ukoo mzima.

Na yule jamaa wa HR aliyetusimamia na slaidi zake, "vipimo vyote bure kisheria, msiogope." Vyote! Nilipomrudia na bili akanipa namba ya huduma kwa wateja, akaendelea na donati yake. Mungu anamwona.

Sisemi umdanganye daktari. Damu ukiiona sema, na upime. Ila kabla ya siku yenyewe chukua ofisini kwake namba mbili, ya kipimo na ya sababu ya kukipima, uzisome kwa bima: kwa hizi nalipa ngapi? Wakijibu, andika jina la aliyejibu. Ikiwa ni cha dalili, ulizia bei vituo vingine. Hospitali kubwa mara nyingi huchaji zaidi ya kliniki za nje. Na wakikata kijinyama katikati ya kipimo cha kinga halafu wakutoze, kata rufaa.

Michango? Wakati wa Covid bima zilibanwa kulipia vipimo vya Covid hata kwa maabara zisizo na mkataba nazo, kwa bei zilizojitangazia zenyewe, na baadhi ya maabara zilijipangia bei za ajabu; gharama kama hizo ndizo zinazoweza kupandisha michango. Sijui ulitaka kuuliza nini kingine, nimeshapandwa na presha. Piga simu bima leo, Jumatatu isogeze.