Maswali ya wasomaji: Lambo moja, ng'ombe kumi na nne na kikombe cha mtoto

Mwangaluka wasomaji. Barua za mwezi huu karibu zote ni maji, na naelewa, masika yamekatika, malambo yanashuka kila siku na maji yanaanza kuwa mazito kama togwa. Nimechagua nne. Ya kwanza ndefu na jibu lake refu zaidi, mnivumilie tu.

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi tuko Misungwi lakini ndani ndani huku, bomba halijafika. Tuna lambo alilochimba baba mkwe mbugani, kama hatua ishirini kwa kumi na tano, ndo tunalolitegemea kwa kila kitu, kunywa, kupika, kufua, na ng'ombe kumi na nne wanaingia humo humo. Tuko watu nane. Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la tatu alikojoa damu, zahanati wakasema kichocho, wakampa vidonge akapata nafuu, ila nesi akanambia akirudi kwenye maji yale atakipata tena. Mume wangu anasema hayo maji kayanywa tangu mdogo na hajafa. Mi nachemsha lakini kuni zenyewe shida, na hela ya kuchimba kisima kirefu hatuna. Nifanyeje? (Mama wa watano, Misungwi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na mtoto mpe pole. Mumeo usigombane nae, mi mwenyewe nimekulia lambo, na wavulana wa rika letu tukikojoa damu tulikuwa tunaambiana ndo unakua mwanaume sasa, yaani tulikuwa tunajisifia ugonjwa! Kwahiyo kutokufa sio kipimo.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kichocho hakimpati mtu kwa kunywa hasa, kinaingia kwenye ngozi. Mtu mwenye ugonjwa anakojoa majini au pembeni mvua ikapeleka, mayai yanaanguliwa, vinatoka vidudu vinaingia kwenye konokono wale wadogo wadogo wa kwenye majani, vinakomaa humo, halafu vinatoka vinaogelea vinatafuta ngozi ya mtu. Mtoto anayeingia mpaka magotini kujaza dumu anakipata hata kama nyumbani mnachemsha kila tone. Ndo maana kuchemsha kwako hakujamsaidia, sio kwamba ulikosea.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni miguu yote itoke majini, ya watu na ya ng'ombe. Maji yatoke yenyewe yawafuate nje. Na hapo huhitaji mota. Tafuta mpira wa inchi moja, mrefu wa kutoka katikati ya lambo, kupanda juu ya tuta na kushuka upande wa pili chini kabisa, sehemu iliyo chini kuliko usawa wa maji ya lambo. Mwisho wa ndani uufunge wavu mdogo kama wa chujio la chai, halafu uuning'inize kwenye dumu tupu la lita tano lililofungwa kifuniko vizuri, lielee, mdomo wa mpira ukae kama nusu mita chini ya uso wa maji. Juu kabisa kuna uchafu unaoelea, chini kabisa kuna tope, katikati hapo ndo kuna nafuu. Ujaze mpira maji mpaka hewa yote iishe, ziba huku na huku kwa kiganja, peleka ncha ya nje kule chini, achia, maji yatavuta yenyewe. Usinyonye kwa mdomo kama fundi anavyonyonya petroli, tafadhali. Weka koki mwishoni, maana nimeona mtu mpira ulimmwagia nusu lambo usiku kucha yeye kalala.

Maji hayo yaelekeze kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, la saruji au hata pipa lililopasuliwa kati, liwe mbali na lambo na upande wa chini ili mkojo na mavi yasirudi. Ng'ombe wetu wa kienyeji kadiria lita 30 kwa siku, wako kumi na nne ni lita 420, madumu 21 ya lita ishirini. Sio mengi kama unavyofikiri, maana jua linakuibia zaidi: lambo la mita 20 kwa 15 likipoteza milimita 5 tu kwa siku kiangazi, hiyo ni lita 1,500, madumu 75 yamepanda hewani hujayagusa! Ndo maana ukipata nguvu ya kuchimbua, chimba kwenda chini usipanue.

Halafu zungushia fensi. Manyara yanafaa na ni ya bure, lakini yapande mbali kidogo na maji na ukipunguza matawi usiyatupe lamboni, utomvu wake unaua samaki, na ukiingia jichoni unajua mwenyewe. Juu ya tuta usipande mti wowote, mizizi inatoboa njia na tuta linavuja, panda nyasi tu. Upande yanakoingilia maji ya mvua ndo uangalie kwa jicho kali zaidi. Tembea kupanda huko juu siku ya mvua ukiwa na mwavuli, fuata maji yanapotoka. Yakipita kwenye zizi, kwenye choo, kwenye shamba la pamba linalopigwa dawa, basi hicho chote mnakunywa. Chepusha kwa mtaro. Choo kisikaribie lambo chini ya mita 30, na kisiwe upande wa juu. Kabla maji hayajaingia, chimba kishimo cha kudondoshea tope, na acha mkanda wa nyasi ndefu upana wa mita kumi hivi. Tope likijaa kishimoni ni rahisi kulitoa kwa majembe kuliko kulitoa lamboni.

Sasa kinywa. Hapa ntasema ninavyoamini, hata kama kuna watakaobisha. Lambo ni la ng'ombe, la kufua, la bustani. Maji ya kunywa yatoke juu ya bati lako. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mwanza kwa mwaka tunapata kama milimita 1,000. Nyumba ya mita 8 kwa 10 hata ukipoteza sehemu ya tano njiani inakupa lita 64,000 kwa mwaka! Mko nane, wekeni lita 5 kila mtu za kunywa na kupika tu, siku 120 za kiangazi ni lita 4,800. Tanki moja la lita 5,000, likiwa limejaa mvua za mwisho, linawavusha mpaka vuli. Tanki ni hela ndio, lakini halifikii gharama ya kisima kirefu, na wengine wanaanza na gata upande mmoja na mapipa mawili matatu. Mvua za kwanza ziache zimwagike zioshe bati, maana ndege wa Mwanza mnawajua, hasa wale makorongo wa jalalani. Funika tanki gizani, weka neti kwenye kila tundu. Maji ya bati nayo yatie dawa au yachemshe, ndege hana adabu.

Ikilazimu kunywa lambo, usianze na moto. Acha yatulie kwenye ndoo usiku, yamimine taratibu tope libaki. Kama bado ni meupe kama chai ya maziwa, shabu kidogo, au mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa laini, koroga haraka kwanza halafu polepole, acha masaa mawili. Ya mlonge yatumie siku hiyo hiyo, yakilala yanaharibika. Halafu ndo uchemshe, au utie kidonge cha klorini kama pakiti inavyosema na usubiri nusu saa, maana kwenye maji machafu dawa inaishia kwenye uchafu haifiki kwa vijidudu. Na kuhusu kuni: huhitaji kuyaacha yatokote robo saa kama nilivyoona kwa mama yangu. Yakianza kutoa mapovu makubwa hesabu dakika moja, toa. Hiyo inatosha hata kwa mwinuko wetu huu. Chota kwa ndoo yenye koki, sio kwa kikombe kinachoingizwa na mkono wa kila mtoto.

Na zahanati wapeleke watoto wote, sio yule mmoja, na baba yao pia.

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko Magu. Lambo langu limegeuka kijani kibichi ghafla, kama mtu kamwaga rangi ya mafuta, linanuka, na ndama kafa juzi. Humo nafuga sato, nawatupia pumba na samadi ya kuku. Jirani kanambia nimwage mrututu utaua huo ukijani. Nimwage kiasi gani? (Mfugaji, Magu)

JIBU: Kaka usimwage chochote, kwanza zuia watu na mifugo leo hii hii. Kuna ukijani wa aina mbili. Chukua fimbo uipitishe majini: ukinasa nyuzi nyuzi kama nywele, hiyo ni afadhali. Ukikuta kama rangi tu inayoshuka kwenye fimbo, jaza chupa ya kioo, iache usiku kucha sehemu tulivu, asubuhi ukikuta kijani chote kimepanda juu kimefanya utando, hiyo kuna uwezekano mkubwa ni ile ya sumu, inashambulia ini na mishipa ya fahamu. Na hapa ndo watu wanaumia: kuchemsha hakuondoi hiyo sumu. Unaweza kuwa unapika sumu kabisa kwa bidii.

Mrututu, ile chumvi ya shaba, utaua kweli, lakini ukifa wote kwa mpigo unapasuka na kuachia sumu yote majini kwa pamoja, halafu unaoza unamaliza hewa, asubuhi unaamka sato wote wako juu matumbo meupe. Na shaba yenyewe inabaki kwenye tope lako.

Kilicholeta yote ni hizo samadi na pumba. Ni chakula cha ukijani kuliko cha samaki. Itabidi uchague, lambo la samaki wa kulishwa au lambo la maji ya nyumbani, mawili hayakai pamoja, mi sijaona. Acha kulisha, ziba samadi isiingie, subiri mvua iongeze maji, na kabla ya kurudi kuyatumia peleka sampuli maabara ya maji ya wizara hapo Mwanza mjini, uliza kwanza wanataka chupa ya namna gani. Huyo ndama kama hujamfukia mwite daktari wa mifugo kabla hujamchuna, anaweza kuwa kafa kwa kimeta na sio maji, na kimeta kinaondoka na wachunaji.

SWALI: Shikamoo babu. Mi nipo Ukerewe, sisi hatuna lambo tuna ziwa zima, lakini nasikia ziwani nako kuna kichocho. Tunachota mwaloni mchana tukitoka shamba. Kuna njia ya kuyafanya salama hata ya kuogea? (Binti wa kisiwani)

JIBU: Marahaba mjukuu. Kipo, na cha ziwani ni kile cha tumbo, kile cha mkojo kinapenda zaidi malambo na majaruba ya mpunga huku bara. Vile vidudu vikishatoka kwa konokono haviishi sana, vikikosa mtu vinakufa. Kwahiyo chota, weka kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili bila kuongeza maji mapya, halafu oga. Ukiwa na mapipa mawili unapokezanisha, moja linatumika jingine linapumzika. Hakikisha hujachota na konokono ndani, au majani, maana hapo unakuwa umehamisha kiwanda chote. Na mchana mnaochota ndo saa mbaya, vidudu vinatoka kwa wingi jua likiwa kali. Nendeni alfajiri, na kama kuna gati au jiwe la kusimama, simama hapo uchote mbele kwenye kina, sio kwenye matete. Kunywa bado uchemshe au utie dawa, siku mbili za pipa haziui taifodi wala kipindupindu.

SWALI: Nimeona magugumaji yanasafisha maji, nichukue machache ziwani niweke kwenye lambo langu Sengerema? Yana ua zuri pia. (Msomaji)

JIBU: Hapana. Ua zuri kweli, hata waliolileta Afrika lilianzia kwenye uzuri huo huo. Machache yako yanaweza kuwa mara mbili ndani ya wiki mbili, yanafunika lambo, yanakunywa maji yako kuliko jua, na konokono wanapata nyumba ya kudumu chini ya majani. Ziwani ilibidi waletwe mbawakavu wa kuyala, miaka ya tisini huko, na bado mwaloni tunayaona. Kama umeshayaweka, yatoe yote leo kwa reki, hata vipande vidogo, uyaanike juu ya tuta upande wa nje, na yakishakauka kabisa yatupie kwenye shimo la mboji la migomba.