Kereng'ende wekundu wa bwawani: aina moja au mbili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nyumbani kwetu Goba tuna bwawa dogo la sato. Jua likishapanda, kereng'ende wekundu hutua kwenye matete. Nakutumia picha mbili nilizopiga kwa simu. Kaka yangu anasema ni aina moja, mimi naona mbili. Nitawatofautishaje?

JIBU: Marahaba. Ni mbili. Wa picha ya kwanza ni Crocothemis erythraea, wa pili ni Trithemis arteriosa, na wote ni madume.

Rangi iweke kando kwanza. Dume aliyetoka majini karibuni huwa wa manjano kama jike, wekundu humjia akishakomaa. Ndiyo maana wa manjano na mwekundu wanaweza kuwa aina moja, na wekundu wawili wakawa mbalimbali, kama hawa wako.

Tazama tumbo, ile sehemu ndefu ambayo wengi huiita mkia. La Crocothemis ni pana na bapa, kana kwamba limebonyezwa kwa kidole gumba, tena jekundu mpaka nchani. La Trithemis ni jembamba, na ubavuni kuelekea ncha lina mabaka meusi. Kisha miguu: ya Crocothemis ni myekundu, ya mwenzake myeusi. Mimi huiamini miguu kuliko alama nyingine yoyote, ila picha zenu nyingi hupigwa kutoka juu na miguu yote inafichwa na kifua! Chuchumaa usawa wa tete, upige ubavuni.

Lile doa la manjano kwenye shina la bawa la nyuma halitakusaidia, wote wanalo. Lingekuwa bato kubwa la rangi ya chungwa kwenye mabawa yote manne, ningekuambia ni Trithemis kirbyi, mpenzi wa mawe na saruji yenye joto. Hata kuinua tumbo juu saa za jua kali si alama. Wote hufanya hivyo ili wasiungue.

Kwa majike kazi ni ngumu zaidi. Wa Crocothemis mtafute kwa mstari mweupe unaopita mgongoni katikati ya mabawa.

Na wale wa manjano wanaozunguka kwa makundi uwanjani nyakati za mvua bila kutua ni Pantala flavescens, wasafiri wa mbali. Hao usiwachanganye na majike wa bwawani kwako: Pantala akipumzika hung'ang'ania kijiti na kuning'inia wima.