Kombe Sawa, Dawa Usiniachishe

Mgonjwa wa Malindi au Lamu hapiti mlango mmoja. Asubuhi yuko kliniki, alasiri kwa mwalimu wa Kurani anasomewa, Jumapili jirani kamwalika kwenye mkutano wa nabii. Kumwambia aache yote aende hospitali ni kupoteza pumzi, na hata kwenye makoti meupe matapeli wamo. Kwa hiyo usihangaike sana na anachokupa mganga. Sikiliza anachokukataza.

Chukua kombe, yaani aya za Kurani zinazoandikwa, zikaoshwa na kunywewa. Likiandikwa kwa zafarani na marashi ya waridi juu ya sahani nyeupe, likaoshwa na kunywewa, mtu mzima halimdhuru. Madhara huingia pembeni. Zafarani ni ghali, na wapo wanaoandika kwa rangi ya chakula au wino wowote; zafarani halisi hutoa manjano ya dhahabu na ina harufu yake. Kisha kuna maji. Maji ya kisima yasiyochemshwa yaweza kumpa kipindupindu mtu aliyekuja kutibiwa kijicho. Nenda na chupa yako ya maji yaliyochemka. Mwalimu mwenye elimu yake hatakasirika, na akikasirika umeshajua jambo. Mtoto chini ya miezi 6 asipewe hata tone, maana chakula chake ni maziwa ya mama tu. Asomewe, kombe anywe mamake.

Kwa chale na chuku (kuumikwa damu), wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako. Wembe mmoja kwa watu watatu unapitisha Ukimwi na homa ya ini. Mwenye seli mundu, mwenye upungufu wa damu na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda wasitolewe damu kabisa.

Kwenye nyuni, yaani degedege la watoto, ndipo kuchelewa kunapoua. Mtoto akikakamaa na macho yakageuka, yaweza kuwa homa tu, yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka. Kwa macho hakuna anayejua, awe mganga au daktari. Ni mpaka apimwe hospitali. Mlaze kwa ubavu, mlegeze nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimfukize, usimnyweshe kitu, tazama saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, hiyo ni dharura. Akitulia, safari ya hospitali ni ile ile. Kwa aliyeko Siyu, kisiwani Pate, boti hungoja maji yajae, na saa nzima ya ubani yaweza kukukosesha maji. Bibi akishikilia lake, usibishane naye: "Bibi, twende sote, umsomee njiani."

Sasa hilo la kukatazwa. Aliyezoea insulini tangu utotoni akiiacha, siku chache tu zinatosha: kiu, kutapika, pumzi za kasi zenye harufu ya matunda yaliyoiva mno, kisha fahamu zinapotea. Mwenye kifafa akiacha vidonge ghafla aweza kupata kifafa kisichokatika. Kifua kikuu kwa kawaida hutibiwa miezi 6, lakini baada ya miezi 2 kikohozi kimetulia na uzito umerudi, na hapo ndipo mtu hupandishwa jukwaani kutoa ushuhuda.

Mtego mkubwa uko kwenye ARV, dawa za virusi vya Ukimwi. Zikimezwa vizuri hushusha virusi mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisivione. Karatasi husema havionekani, na nabii huisoma "hakuna". Kipimo hicho hakijasema umepona. Kimesema dawa zinafanya kazi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, Tanzania, kwa kikombe cha shilingi 500 za huko, na wapo walioacha ARV zao. Kikombe kilikuwa cha mizizi iliyochemshwa. Kilichowaumiza ni kuacha vidonge. Na Shakahola, msitu ulio hapa nyuma ya Malindi, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, kabla ya watu kuambiwa na mhubiri wao wafunge chakula walikuwa wameshakatazwa shule na hospitali.

Hila za jukwaani ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Marekani, mwaka 1986, mwanamazingaombwe James Randi alinasa kwa redio sauti ya mke wa mhubiri Peter Popoff akimsomea mumewe sikioni majina na magonjwa ya waumini, yaliyokusanywa kabla ya ibada. Kwa hiyo ukijazishwa fomu mlangoni, usishangae akikujua. Maji ya kunawa miguu yanayogeuka "damu" yaweza kuwa na chembe za pamanganeti ya potasiamu. Rangi yake ni zambarau inayoingia wekundu, na ikikauka huacha kahawia kwenye kucha na kitambaa. Tazama taulo.

Hospitalini nako, kataa mashine ya kushika kichuma mkononi inayodai kupima ini, figo na moyo bila tone la damu, kisha ikatema kurasa kibao na dawa za kununua papo hapo. Leseni ya kliniki huwekwa mahali pa kuonekana na huhuishwa kila mwaka, soma mwaka.

Unga wa mitishamba unaomaliza maumivu ya viungo au pumu kwa siku mbili ni wa kutilia shaka, maana mara nyingine huchanganywa na vidonge vya steroidi vilivyosagwa. Dalili hujitokeza baada ya wiki kadhaa: uso unaviringika, njaa haishi, sukari na presha vinapanda. Umeutumia kwa wiki nyingi? Usiukate ghafla, kwa sababu mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe na unaweza kuzimia. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na beba mfuko wenyewe pamoja na unga uliobaki. Wapo wanaoumwaga baharini kwa aibu, halafu daktari anabaki kubahatisha.