Debe la mama mdogo

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni sheria gani iliyopitwa na wakati ungeifuta leo?" Najua mtakayoandikiwa. Wapo watakaoitaja Sheria ya Uchawi ya 1928, tuliyoachiwa na Mwingereza na hadi leo imo vitabuni. Wapo watakaoikumbuka Nguvu Kazi ya 1983, vijana walipozolewa mijini na kurudishwa vijijini. Tume ya Jaji Nyalali ilishataja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa tangu 1992, kwa hiyo majibu ya namna hiyo hamtayakosa. Sheria inayoniuma mimi si ya zamani. Ni hii inayotukataza kuuziana korosho ghafi sisi kwa sisi. Haijazeeka, ila imetandazwa mno.

Aliye nje ya Lindi na Mtwara nimweleze kwa ufupi. Kuna Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, kuna Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009, na kanuni na miongozo iliyofuata. Korosho ghafi, yaani isiyobanguliwa, ipimwe AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, iende ghalani, iuzwe mnadani. Anayenunua mlangoni kwa mkulima anafanya kangomba, na kangomba ni kosa. Kwa nilivyoona ikitekelezwa, mwenye lori na mwenye debe wote wanaitwa jina hilo moja.

Mama mdogo wangu ni mbanguaji, kijiji kimoja huku Mtama. Anachoma korosho kwenye bati lililotobolewa, moshi unamtoa machozi, anajipaka majivu mikononi maana mafuta ya ganda yanachubua ngozi, halafu anagonga moja moja kwa kijiti akiitafuta punje itoke nzima. Ikipasuka, bei imeshuka. Ncha za vidole vyake ni nyeusi mwaka mzima. Zikishaiva na kumenywa anafunga kwenye nailoni, mwanawe anapeleka Mnazi Mmoja ya huku Lindi kuuzia abiria wa mabasi. Ana mikorosho michache aliyoachiwa na mjomba wake, lakini hiyo haimfikishi hata Februari. Nyingine lazima anunue. Anunue wapi? Mnadani wanashindana wenye magunia maelfu.

Msimu wa 2018 mnaukumbuka. Wanunuzi walileta bei ndogo, wakulima wakagoma, Rais Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia vijijini. Ukaja na uhakiki: onyesha shamba lako ndipo ulipwe. Jirani yake, bibi mtu mzima, alikuwa ameshapima zake anasubiri pesa. Pesa haiji. Mjukuu akashikwa na homa usiku, na hospitali haikopeshi. Bibi akaja na debe la korosho zilizobaki kichwani, akamwambia mama mdogo, "Mwanangu, nipe chochote, mtoto ananifia." Mama mdogo akafungua pindo la khanga akampa alichokuwa nacho, na sikusikia wakibishana bei. Mtoto alitibiwa, akapona.

Siku ya pili yake wakaja mgambo na kiongozi wa kijiji, wanapita nyumba kwa nyumba. Debe lilikuwa uani, halikufichwa kwa sababu hakuona cha kuficha. "Hizi za shamba gani?" Akasema ukweli, kwamba kamsaidia jirani. Ukweli ndio uliomponza. Korosho zikachukuliwa, na bati la kuchomea nalo likachukuliwa, sijui kwa kifungu gani. Yeye akakalishwa ofisi ya kata mpaka magharibi bila maji, mbele ya watu, akiitwa mlanguzi. Mama aliyezika wazazi wangu. Jirani alijifungia ndani kwa aibu, na mpaka leo hawa wawili wakikutana kisimani salamu ni fupi.

Kilichofuata ndicho waliotunga sheria hawakukitarajia. Mama mdogo aliapa kutopokea tena korosho ya mtu. Basi mwenye shida ya usiku sasa anakwenda kwa nani? Kwa kangomba mwenyewe, yule wa kweli, anayekuja na bodaboda taa zimezimwa. Huyo hatari ya kukamatwa anaikata kwenye bei ya mkulima, na anajua pa kupitia asikutane na mgambo. Waliotishwa wakaacha ni wale wadogo tu. Mkubwa kaachiwa uwanja peke yake.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ifutwe. Sasa nasita, maana nawakumbuka wazee wetu walivyouza zamani. Mtu anadaiwa salfa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, mikorosho ingali maua, anakuja mnunuzi anamaliza mavuno yote kwa bei ya huruma. Msimu ukifika anapima kwa bakuli linalohesabiwa kilo huku limejaa kilo na ziada. Watu walipanda miti wakazeeka nayo bila bati juu ya nyumba. Mnada, pamoja na makato yake, ulimfanya mkulima asikie bei ya korosho yake ikitajwa hadharani. Hilo silitupi.

Kwa hiyo jibu langu, ingawa sivyo nilivyokusudia: isifutwe. Ipunguzwe upana. Mbanguaji aliyeandikishwa kijijini aruhusiwe kununua kiasi kidogo kwa jirani, kwa bei isiyopungua ya mnada wa mwisho, na kiandikwe daftarini. Naijua hatari yake. Wenye malori watawapa akina mama pesa wawanunulie debe kwa debe, na daftari litajaa majina ya uongo. Wengine watasema dawa ni mkulima alipwe sehemu siku ile ile ya kupima. Tulishakuwa na malipo ya awali, yakaja na riba ya mikopo ya benki, na malipo ya pili yalipopungua, nyumba zilichomwa moto huko Liwale mwaka 2013. Hata hivyo, kati ya hatari hizo na ile ya kumkalisha mama yangu chini kwa kumtibia mtoto wa mwenzake, mimi naichagua ya daftari. Na bati lake arudishiwe. Hajarudishiwa.

Msomaji wenu,
Mtama, Lindi